Muziki wa mchanganyiko: shika kitu kimoja unachokijua

Jumapili niliweka albamu ya mwimbaji Siti Muharam kwenye spika ndogo, mama anapepeta mchele, mi nimekaa mlangoni. Udi ukaanza, ganuni ikaingia, vile vyombo vya nyuzi vya taarab, kichwa cha mama kinaenda taratibu, afu ikaja ile besi nzito kutoka chini na ungo ukasimama hewani. Nikajua ataniambia zima. Akasema, "Hebu rudisha hapo."

Nawaandikia wale wanaotaka kusikia vitu vipya ila wakijaribu dakika mbili wanaacha, wanaona makelele. Mi nawaambia hivi, tafuta ndani ya wimbo kitu kimoja ambacho sikio lako linakijua tangu utoto, iwe ngoma au makofi au sauti ya kinanda, shika hichohicho, mengine yatakuja yenyewe ukirudia mara ya tatu ya nne. Mama alishika sauti ya mwimbaji. Siti Muharam ni kitukuu cha Siti binti Saad, yule aliyetoka Unguja mwaka 1928 kwenda kurekodi Bombay, na albamu yenyewe ni Siti of Unguja ya 2020.

Kwa mtu wa Dar njia ya mkato ni singeli, na sisemi zile za redioni tu. Tafuta Sounds of Sisso ya 2017, mkusanyiko wa vijana wa studio ya Sisso pale Mburahati, uliotolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Jamaa wanachukua kipande kidogo tu cha taarab au mchiriku, wanakizungusha, wanakipandisha spidi hadi biti zinapita 200 kwa dakika, na mara ya kwanza utasikia fujo kweli, lakini tega sikio chini ya ile kasi, kuna kinanda cha mchiriku kinalia vilevile kama kwenye shughuli za uswahilini, kimekimbizwa tu. Ukishakipata hicho hutoki tena. Afu nenda kwa Bamba Pana, albamu ya Poaa, 2018, sehemu kubwa haina MC, yule wa kuchana juu ya biti, kwahiyo unaisikia kazi ya prodyuza peke yake, na jamani ni fundi.

Bendi ya Konono No.1 ya Kinshasa je? Likembe, zile ala za vyuma vya kubonyeza kwa vidole gumba, wamezifungia maiki walizotengeneza wenyewe kwa sumaku za vyuma chakavu vya magari, sauti inakwaruza inakatika inapasuka, na kwangu mi utamu wote uko kwenye huo mkwaruzo. Albamu ni Congotronics, 2004. Weka kwa sauti kubwa, ndogo haifai.

Kundi la Nihiloxica nao ni ngoma za Kiganda zinazokutana na tekno ya Waingereza, ile ya mashine ya klabu, albamu ya Kaloli, 2020, jina la wale korongo wakubwa wa majalalani Kampala. Hapa pa kushika pako wazi, ni ngoma mwanzo mwisho.

Kundi la Duma wa Nairobi nimewaweka mwisho maana ni wazito, metal, ile roki nzito ya magitaa, na elektroniki kwa pamoja na mayowe juu yake, sikiliza ukiwa peke yako usiku na hedifoni. Albamu yao ya 2020 nimeizungusha wiki nzima natafuta pa kushika, jana ndo nikapata, pumzi. Kabla ya kila yowe jamaa anavuta pumzi, inasikika kabisa, na sasa naifuata hiyo tu.