Siku moja na udongo wa lambo

Saa 11 alfajiri. Chai ya rangi, kiporo cha wali, na jembe dogo kwenye begi. Mimi ni fundi maabara hapa Arusha, na leo nafuata udongo Longido. Gari la Namanga halisubiri mtu.

Saa 3 asubuhi. Lambo limekauka, udongo umepasuka kama kisigino chenye magaga. Nakwangua tabaka la juu tu na kuliweka kwenye mifuko ya kaki. Plastiki sitaki, inaotesha ukungu. Bibi anayeswaga punda wake wenye madumu anasimama.

"Shikamoo, yeyo."

"Marahaba. Kwani Arusha mmeishiwa udongo?"

Namwambia humu mna wanyama wadogo wamelala, wanangoja mvua. Anacheka, kisha anauliza swali ambalo ofisini hawaulizi: lambo likijaa, tunawanywa? Mnawanywa, yeyo, na wengi wao hawana neno. Ila yuko saiklopi, kidude chenye jicho moja, ambaye huko Chad na Sudan Kusini hubeba viluwiluwi vya mnyoo wa Guinea. Watu wa kule huchuja maji kwa kitambaa chenye matundu madogo, naye hunasa. Bakteria hupita, kwa hiyo kuchemsha kuko palepale.

Saa 8 mchana. Kijiko cha vumbi kwenye kisahani, juu yake maji ya mvua, maana ya bomba yana klorini. Kwenye hadubini naona mchanga mtupu. Nasubiri. Kidonge kimoja kinavimba, kinarefuka, kinatoa mguu, kisha vinyweleo vya kichwani vinaanza kuvuta maji mdomoni. Rotifa, mmoja wa wale wanyama wadogo waliolala! Hafiki nusu milimita. Leeuwenhoek, mtafiti wa hadubini wa Uholanzi, aliwaamsha hivihivi mwaka 1702, kwa vumbi la mfereji wa paa lake. Mwaka 2021 wanasayansi wa Urusi walitangaza kuwaamsha waliolala kwenye ardhi iliyoganda ya Siberia kwa miaka kama 24,000. Ni jamii ya bdeloidi, ambayo dume lake halijapata kuonekana. Majike watupu, na mambo yanaenda.

Uduvi wa madimbwi, wanaolala humu udongoni wakiwa mayai, ndio wenye kujivuta: siku moja, mbili majini ndipo waanguliwe. Mayai yao husafiri kwa upepo na kwa tope la kwato, hata madimbwi ya jangwa la Namib wamo.

Saa 12 jioni. Naandika lebo. Mayai mengine hugoma hata yakiloweshwa; dimbwi likikauka kabla uduvi hawajataga, hayo ndiyo akiba. Basi udongo huu hautupwi. Utaanikwa, uloweshwe tena.