Ulikuwa Unamtazama Nani, Mwalimu?

Ni Jumatano usiku na sauti ya yule binti bado inanirudia. Ni yule yule wa Igoma niliyeandika habari zake mwaka jana, aliyekuwa akija kwenye mafunzo ya waamuzi wa mpira wa kikapu na viatu vya kuazima. Jumapili alichezesha mechi yake ya kwanza ya wakubwa, pale uwanja wa Mirongo, hapa Mwanza, nami nilikaa jirani na meza ya makarani nikiwa na fomu ya tathmini mapajani. Jumamosi tulikuwa tumepokea posa ya mwanangu Neema, na Jumatatu ofisini wakatutangazia kwamba idara yetu inahamia Dodoma, lakini kinachoninyima usingizi ni swali moja fupi.

Zilikuwa zimebaki dakika mbili kasoro katika robo ya nne, na timu zilipishana kwa pointi mbili. Mwenye mpira alikata kutoka upande wa binti, aliyekuwa mwamuzi wa kati, akaruka kuelekea kikapuni. Mlinzi naye akaruka, miili ikagongana, mshambuliaji akaanguka chali, na filimbi haikulia. Uwanja mzima ukapiga kelele. Nikaandika, hata kabla yule kijana hajanyanyuka: "Faulo haikupulizwa. Eneo lake. Kosa."

Baada ya mechi nilikaa na waamuzi wote watatu kwenye ngazi za saruji, nikawasomea. Nilipofika kwenye tukio hilo, binti alikuwa akiizungusha kamba ya filimbi kwenye vidole viwili, akiikaza mpaka ncha za vidole zikapauka.

"Mwalimu, samahani, naomba kuuliza. Yule mlinzi aliporuka, wewe ulikuwa unamtazama nani?"

"Nilikuwa naangalia mchezo."

"Sawa, Mwalimu. Nimekuelewa."

Ni hapo ninaporudi kila nikifumba macho. Hakusema kwamba amekosea, na wala hakubisha. Alisema amenielewa, na nina hakika kwamba alinielewa vizuri kuliko nilivyotaka. "Naangalia mchezo" si jibu. Kwa miaka yote niliyofundisha waamuzi wa mkoa huu nimewakataza jibu hilo hilo, kwa sababu anayeangalia mchezo mzima huwa anaangalia mpira, na mpira haufanyi faulo. Nimewaambia mara zisizohesabika: mtazame mlinzi, utafute upenyo kati ya miili miwili, ubaki na tukio mpaka miguu irudi chini. Dkt. James Naismith alipoziandika kanuni 13 za kwanza kule Springfield, Marekani, mnamo Desemba 1891, aliweka wasimamizi wawili, mmoja awe hakimu wa wachezaji na kuzihesabu faulo zao, mwingine awe hakimu wa mpira. Kanuni hizo mbili ndizo ninazoanza nazo kila mafunzo, na Jumapili niliishikilia ya pili nikaisahau ya kwanza.

Jana jioni mpwa wangu alikuja na video iliyopigwa kwa simu na mtazamaji aliyekaa upande wa pili, nyuma kidogo ya binti. Niliitazama sebuleni, kwanza kwa mwendo wa kawaida, kisha polepole, kisha nikaisimamisha. Kutoka mezani nilikuwa nimeuona mgongo wa mlinzi na mtu akianguka, basi. Kutoka kule unaonekana upenyo. Silinda ya mchezaji, yaani nafasi iliyo yake uwanjani, huishia mbele kwenye viganja, nyuma kwenye makalio, na pembeni kwenye ukingo wa nje wa mikono na miguu, na anayeruka wima ndani yake ana haki ya hewa iliyo juu yake. Mlinzi alipanda wima, mikono imenyooka, akatua palepale alipoanzia. Mgongano uliletwa na mshambuliaji. Haikuwa faulo, na kuinyamazia faulo isiyokuwapo huku benchi zima limesimama ni uamuzi mzito kuliko filimbi kumi.

Kisha nikaona jambo ambalo lilinifanya nimwite Mama Neema kutoka jikoni. Mpira unapopanda, vichwa vyote kwenye picha vinapanda nao, makocha, makarani, hata mwamuzi mwenzake aliye chini ya kikapu. Kichwa cha binti peke yake kinabaki usawa wa vifua vya wachezaji. Mama Neema akasema, "Huyu umemfundisha wewe." Nilifurahi kama mtoto, jamani, na furaha hiyo haijaniisha mpaka sasa.

Leo asubuhi nimeiandikia kamati barua ya kurekebisha fomu. Alama nyingine nimeziacha kama zilivyo, kwa kuwa bado anaharakisha ishara mbele ya meza na karani alilazimika kumuuliza namba ya mchezaji mara mbili. Kuanzia mechi ijayo nitaandika muda tu wakati mchezo unaendelea, na hukumu nitaijaza baadaye, tena nitakaa upande wa pili wa uwanja.

Jioni hii nimempigia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Uamuzi wako ulikuwa sahihi, na mimi nilikuwa nautazama mpira."

Alikaa kimya kidogo. "Niliviona viganja vyake, Mwalimu. Vilikuwa juu kabisa." Halafu akaniomba siku moja nikae naye tu kwenye ishara za mezani, nikamwambia aje Jumamosi.

Tulipoagana mvua ilikuwa imeanza, nayo haijapungua. Mama yangu yuko peke yake kule Mabatini, chini ya lile jiwe lililo nyuma ya jiko lake. Pasaka niliweza kupitisha vidole tu kwenye ufa uliochimbwa na maji chini yake. Jumamosi, wageni wa posa walipoondoka, mkono uliingia mpaka kwenye kifundo. Kuhama hataki hata kusikia. Nimempigia mara mbili, na simu inaita tu.