Jinsi nilivyomaliza tatizo la misuli ya nyuma ya paja kwenye timu yetu

Msimu uliopita timu yetu ya mtaani hapa Mikindani ilipoteza mawinga watatu kwa jeraha lile lile: kijana anachomoka na mpira, ghafla anashika nyuma ya paja na kukaa chini. Mimi ndiye kocha, iliniuma sana.

Kabla ya kucheza tulikuwa tunazunguka uwanja mara mbili, tunanyoosha miguu tukiwa tumesimama, basi. Nikahamia FIFA 11+, programu ya FIFA ya kupasha misuli moto, ya dakika 20 hivi. Ndani yake kuna zoezi la Nordiki: mchezaji anapiga magoti mchangani, mwenzake anambana vifundo vya miguu, naye anashuka mbele polepole, mwili umenyooka toka magotini hadi kichwani, mpaka paja lishindwe ndipo anajidaka kwa mikono. Msuli unavuta huku unarefuka, kama kwenye mbio kali. Tafiti zinaonyesha zoezi hili hupunguza majeraha hayo karibu nusu.

Anzeni na mara 3 hadi 5 tu! Kesho yake mapaja yatauma, msiogope. Kabla ya mechi tunafanya sehemu za kukimbia tu, bila Nordiki.

Msimu huu hajatoka hata mmoja ameshika paja.