Paka aliyenifundisha neno "kufuga"

Kwa miezi mitatu nilikuwa nikimtengea chakula paka mmoja wa kijivu nyuma ya nyumba. Mwanzoni nikifungua mlango tu, anaruka ukuta. Nikajifunza kuweka bakuli, kurudi nyuma na kuketi bila kumkazia macho. Siku moja mtoto wa jirani akaniuliza, "Shangazi, unamfuga?" Nikakosa jibu.

Neno nimelitumia tangu utotoni, lakini swali lile halikunitoka. Nilidhani kufuga ni kumfanya mnyama awe mpole. Nyuki wakanikatalia: watu huwafuga, nao upole hawaujui. Samaki wanafugwa bila kumzoea mtu yeyote. Tena tunafuga ndevu, tunafuga kucha, na anayekwepa matibabu huambiwa anafuga maradhi. Nilivyozipanga sentensi hizo pamoja, nikaona kinachoziunganisha: kuwa na kitu mikononi mwako na kukiacha kiishi, kikue, kiongezeke. Upole haumo.

Upole una neno lake, kuzoea. Paka alikuwa anazoea, mimi namzoesha. Tofauti hii nimeipenda sana, maana inaeleza mambo makubwa kuliko bakuli langu. Mwishoni mwa karne ya 19, Walter Rothschild, tajiri wa Uingereza aliyependa sana wanyama, aliendesha gari la kukokotwa na punda milia jijini London. Wanyama wale walizoeshwa, lakini punda milia hawakuwa mifugo kwa sababu hiyo. Tembo wa Asia nao wamefanyia watu kazi kwa karne nyingi, ingawa wengi walikamatwa mwituni na kufunzwa mmoja mmoja.

Halafu kuna kufugika, na hapa nilisimama muda mrefu. Tukisema mnyama fulani hafugiki, hatulalamikii ukosefu wa banda. Tunasema tabia yake haikubali kuishi na mtu. Kiambishi kile kidogo, -ik-, kinaingiza maana ileile niliyoikosa kwenye kufuga. Tangu hapo ninapoandika juu ya wanyama najiuliza kwanza: nazungumzia anayefugwa, aliyezoea, au anayeweza kufugika?

Jioni moja paka alikula huku mkia wake ukinigusa goti. Hakuwa amelala kwangu hata usiku mmoja. Mtoto aliporudi na swali lake, nilikuwa tayari.

"Bado simfugi, mwanangu. Amenizoea."