MBA Marekani: kazi hutafutwa kabla ya darasa la kwanza

Majibu ya maombi ya MBA (shahada ya uzamili ya biashara) huko Marekani hutoka Desemba kwa walioomba awamu ya kwanza na Machi kwa awamu ya pili. Masomo huanza Agosti. Miezi ya katikati wengi huimalizia kwenye viza, mkopo na kuaga ndugu, na suala la kazi wanasema wataliona huko huko. Huko huko wanakuta wenzao wameshaanza. Kozi ni ya miaka 2, lakini mlango mkubwa wa ajira ni mafunzo kazini ya wiki 10 hadi 12 katika majira ya joto kati ya mwaka wa kwanza na wa pili, kwa sababu kampuni nyingi kubwa huajiri wahitimu kutoka miongoni mwa waliowajaribu wakati huo. Nafasi hizo zinaanza kugombewa Septemba, kabla hujajua hata maktaba iko wapi.

Sekta hazina kalenda moja. Benki za uwekezaji zina haraka kuliko wote: Septemba maofisa wao wanafika chuoni, Oktoba na Novemba ni simu na vikao vya kahawa, Januari usaili. Kampuni za ushauri kama McKinsey, BCG na Bain zinakwenda karibu sambamba nazo, na usaili wao pia huangukia Januari. Teknolojia ni mchanganyiko: baadhi ya kampuni kubwa hutangaza mapema, lakini nyingine huajiri pale tu nafasi inapotokea, hata Aprili au Mei. Mifuko ya uwekezaji binafsi (private equity, inayonunua kampuni na kuziuza baadaye) haiji sana chuoni na hupendelea waliokwisha kufanya kazi ya namna hiyo. Huko unaingia kwa kujuana na wahitimu wa chuo chako, mmoja mmoja.

Kwa hiyo amua kabla ya kupanda ndege, na ukitaka sekta mbili, chukua moja ya mapema na moja ya baadaye. Ushauri na teknolojia vinabebeka pamoja. Benki na ushauri ni mtego: benki inakula jioni zako kwa simu, ushauri unazitaka jioni hizo hizo kwa mazoezi ya kesi, yaani matatizo ya biashara unayotatua mbele ya msaili, na Januari unajikuta nusu-nusu kote kuwili. (Anayekwenda INSEAD, chuo cha biashara cha Ufaransa chenye kozi ya miezi 10, aangalie tarehe ya kuanza: wanaoingia Januari wana nafasi ya mafunzo kazini majira ya joto, wanaoingia Agosti hawana. Kwa anayebadili taaluma, hilo ni jambo zito.)

Wasifu uanze kuandikwa Mei. Ni ukurasa mmoja, basi. Ondoa picha, tarehe ya kuzaliwa, hali ya ndoa, matokeo ya kidato cha nne na majina ya wadhamini watatu, yote yale tuliyozoea kuyaweka. Kila mstari uanze na kitendo na uishie kwenye matokeo yanayohesabika. "Nilihusika na ukusanyaji wa madeni" haimwambii mtu kitu. "Nilipunguza muda wa kukusanya madeni kutoka siku 60 hadi 38 kwa kubadili utaratibu wa ankara za wateja 120" inamwambia. Shilingi zigeuze dola, na kama mwajiri wako hajulikani nje, ongeza maneno matano ya kueleza ukubwa wake.

Usaili wa tabia, yaani maswali kuhusu uliyowahi kufanya kazini, ndio unaowaangusha watu wetu wazuri, na sababu yake ni adabu. Tumelelewa kusema "tulifanya". Msaili anasikiliza dakika tatu za "tulifanya", halafu anauliza: wewe ulifanya nini? Andaa visa 6 hadi 8 vya kazini: mgogoro, kushindwa, kuongoza watu waliokuzidi umri, kumshawishi bosi. Kila kisa kiwe cha dakika 2, na sehemu kubwa iwe hatua ulizochukua wewe. Jirekodi kwenye simu uhesabu ni mara ngapi umesema "sisi".

Kisha hesabu. Kwa ushauri, kikokotoo hakiruhusiwi, na msaili anakutazama unavyofikiri. Mfano mwepesi: gharama zisizobadilika ni dola milioni 2.4, bei ya pakiti moja ya bidhaa ni dola 8, gharama ya kila pakiti ni dola 5. Kila pakiti inabakiza dola 3, kwa hiyo pakiti 800,000 zinarudisha gharama. Wengi wanaipata namba, wananyamaza. Kinachotakiwa ni sentensi inayofuata: soko lenyewe linanunua pakiti ngapi kwa mwaka, na 800,000 ni sehemu gani ya hilo? Fanya kesi 30 hivi na mtu mbele yako. Kuzisoma kitandani ukajiona umeelewa hakuhesabiki.

Kwa benki swali la kudumu ni hili: uchakavu ukiongezeka kwa dola 10, taarifa tatu za fedha zinabadilikaje? Chukua kodi ya asilimia 25. Faida kabla ya kodi inashuka 10, kodi inashuka 2.5, faida halisi inashuka 7.5. Kwenye mtiririko wa fedha unarudisha ile 10 kwa kuwa hakuna pesa iliyotoka, hivyo fedha taslimu inapanda 2.5. Kwenye mizania, taslimu juu 2.5, mali za kudumu chini 10, jumla chini 7.5, na upande wa pili faida limbikizi chini 7.5. Ukikwama katikati, mara nyingi umeisahau kodi.

Simu kwa wahitimu zianze Juni, dakika 20 kila moja, shukrani kwa barua pepe ndani ya siku moja, na jedwali la Excel lenye jina, tarehe na mlichoongea. Saa nane mchana New York ni saa tatu usiku Dar au Nairobi, na kuanzia Novemba wanaporudisha saa zao nyuma inakuwa saa nne. Mwaliko uandike kwa saa za kwao. Ukichanganya na saa za Kiswahili utapishana na mtu kwa saa 6.

Mwisho viza, ambayo watu huiachia ofisi ya chuo. Mwenye F-1, viza ya mwanafunzi, anahitaji CPT, kibali cha kufanya kazi wakati wa masomo, kabla ya siku ya kwanza ya mafunzo kazini, si wiki ya pili. Baada ya kuhitimu kuna OPT, ruhusa ya kufanya kazi kwa miezi 12, na shahada ikiwa imesajiliwa kuwa STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati) unaweza kuomba 24 zaidi, kwa mwajiri anayekidhi masharti. H-1B, viza ya kazi, ni bahati nasibu inayosajiliwa Machi, nafasi 85,000 kwa mwaka. Kwa hiyo kwenye lile jedwali ongeza safu moja: je, kampuni hii hudhamini wageni kupata viza ya kazi? Na nyingine: ina ofisi Nairobi? McKinsey, BCG na Dalberg (nayo ya ushauri) wanazo, na huko Kiswahili chako na miaka uliyofanya kazi hapa vina uzito kuliko New York.