Kinanda na meli ya Keaton

Vidole bado vinauma. Jana usiku nilipiga kinanda zaidi ya saa nzima bila kupumzika, macho kwenye shuka jeupe tulilotundika ukutani kwa mama mkubwa, Kirumba, hapa Mwanza. Upepo wa ziwa ulikuwa unalipepea, kwa hiyo kila mtu kwenye picha alikuwa anacheza mdundiko bila kutaka.

Picha ilikuwa Steamboat Bill, Jr. ya mchekeshaji Buster Keaton, ya mwaka 1928. Mwaka huohuo reli kutoka Tabora ilifika Mwanza. Niliichagua kwa sababu ina meli, nikajua watu wa hapa itawagusa. Haina sauti hata chembe. Zama zile mpiga piano alikaa chini ya pazia, anatazama huku anapiga. Kumbi kubwa za Marekani ziliweka okestra nzima. Wajapani wao waliongeza msimulizi, benshi, wa kuwasemea wahusika. Sasa huyo ana tofauti gani na mtafsiri wetu wa kibanda umiza, kile kibanda cha kuonyeshea video mtaani, anayetia chumvi mpaka unasahau picha ni ya wapi?

Watoto walidhani spika imekufa. "Mjomba, sauti!" Nikaanza.

Mwanzoni niliharibu. Mtu akianguka, nagonga noti nzito. Akikimbia, nashusha mapambio ya kwaya kwa kasi (mwalimu wa kwaya asisikie). Shida ni kwamba mkono unachelewa kidogo tu, basi kichekesho kinafika kimeshapoa. Nikaacha kumfukuza Keaton. Nikashika mwendo mmoja wa kutembea, na cha ajabu, vicheko vikaongezeka.

Kisha tufani. Ukuta mzima wa nyumba unamwangukia Keaton, naye kasimama palepale dirisha linapotua, anabaki wima. Ukuta ule ulikuwa wa kweli, na aliyesimama pale ni yeye mwenyewe. Hapo sikupiga kitu. Natamani niseme nilipanga. Ukweli ni kwamba nilisahau kama nina kinanda. Kimya, halafu uwanja mzima ukalipuka.

Nikavimba kichwa. Ndiyo maana kilichofuata sikukiona kikija. Upepo unaibeba jela hadi mtoni, baba yake Keaton yumo ndani, maji yanapanda hadi shingoni. Kwenye picha ni kichekesho, nami nikarudi kwenye mapambio yangu ya mbio.

"Mwanangu, hapo punguza."

Mama mkubwa hakugeuka hata kunitazama. Alikaa mkekani, kanga kaishika kidevuni. Ndipo nikakumbuka niko wapi. Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama ziwani. Mtaani kwetu mtu mzima yeyote ana jina lake la kutaja.

Nikabaki na noti mbili za chini, polepole, mpaka mzee alipotolewa majini. Watoto wenyewe walinyamaza.

Tulipokuwa tunakunja shuka, mama mkubwa akauliza kama nina picha nyingine, ila isiwe ya maji.

Nikamwambia ninayo ya treni.