Miche ya milimao na ndoo ya rangi

Jamani leo mgongo unauma kweli. Tangu saa kumi jioni nimekaa kwenye kigoda huku uani naachanisha miche ya milimao, mpaka giza linaingia nimefikisha viriba (vile vimfuko vya plastiki vya kuoteshea miche) thelathini na nane na mbu wameshiba. Ila roho nyeupe, maana mara ya kwanza nilipofanya kazi hii niliua karibu yote nikaanza kuwaza labda kuna mtu ana jicho baya hapa mtaani, kumbe jicho baya nilikuwa nalo mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Tulikuwa na shughuli hapa nyumbani, yamekamuliwa malimao ya kutosha, mbegu zimebaki kwenye chujio nikaona dhambi kuzitupa. Nikaziosha ule utelezi nikazimwaga mbichi hivyo hivyo kwenye ndoo ya rangi ya lita 20 iliyotobolewa chini, maana mbegu ya limao ukiianika ikauke kama ya mahindi unaiua. Hapo nilipatia. Nilipokosea ni kwamba nilizimwaga kama mtu anayerushia kuku mtama. Baada ya wiki tatu hivi zikaota, yaani huoni udongo.

Nikasubiri ziwe na urefu wa kidole, nikaanza kung'oa. Saa saba mchana, jua la Dar hili, nashika shina navuta, kikitoka naweka kwenye gunia, navuta kingine, nimemaliza ndo nakumbuka viriba sijajaza udongo! Nikahangaika na udongo nusu saa nzima huku miche imelala kwenye gunia mizizi inaangalia jua. Nikaipanda, nikaimwagia maji mpaka ikawa tope. Ubaya wa mche ni kwamba haufi siku hiyo hiyo, unakaa kijani siku mbili tatu unakupa moyo, afu asubuhi moja unakuta umelala.

Nikampigia shangazi yangu aliyeko Muheza, Tanga, yeye na vitalu vya michungwa ni damu damu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu, mbona sauti hiyo?"

Nikamweleza. Akauliza kitu kimoja tu, "Ulikuwa unashika wapi?" Nikamwambia kwenye shina. "Basi ulikuwa unaikaba koo. Shika jani. Jani likikatika litaota lingine, shina likishaminywa ndo basi tena."

Na mimi hilo sikuwahi kulifikiria maisha yangu yote.

Sasa mara hii nimekwenda na masharti yake. Viriba nimejaza jana, udongo wa juu madebe matatu, samadi iliyooza kabisa mawili (ikiwa bado inatoa moshi ukichimbua, iache, itaunguza mizizi), mchanga moja, nikamwagia maji vikalala nayo. Leo asubuhi nikamwagilia ndoo yenyewe vizuri. Jioni jua lilipopoa nikailaza ndoo kivulini, nikaigonga gonga matako, udongo wote ukatoka mzima kama keki. Hakuna kuvuta kitu. Unamega bonge unalitia kwenye beseni la maji, unalitikisa polepole udongo unadondoka wenyewe, mizizi inabaki myeupe inaelea, hapo unashika jani unaachanisha. Iliyobaki inakaa humo humo kwenye maji mpaka zamu yake ifike.

Hapo ndo niliona kitu kilichonifanya nimwite mpaka mume wangu aje aone. Punje moja ya mbegu, ganda bado limeng'ang'ania, imetoa miche mitatu! Miwili inalingana, wa tatu kama uzi, mizizi imesukana kama nywele. Shangazi anasema limao ndivyo lilivyo, kwenye mbegu moja mche mmoja unaweza kuwa umetokana na chavua, una baba na mama, ila mingine inaota kutoka kwenye nyama ya mbegu ya mama mwenyewe, kwa hiyo ni mama mtupu. Ndo maana wenye vitalu wanapenda mlimao kuwa shina la kubebeshea machungwa (yaani chungwa linaunganishwa juu ya shina la mlimao), miche yake inafanana. Ule unaotoka tofauti na wenzake, umedumaa au majani yake hayaeleweki, wao wanautoa bila huruma.

Kuchomeka nako kuna adabu yake. Toboa katikati ya kiriba kwa kijiti, shimo liwe refu kuliko mzizi. Mzizi ukiwa mrefu mno punguza ncha kwa wembe, usiukunje uingie, maana mzizi mkuu ukianza maisha umepinda utabaki umepinda na mti utakuja kukusumbua ukiwa mkubwa. Mimi nazamisha mche chini kidogo kupita kiasi afu nauvuta juu taratibu ili mzizi unyooke, nasimamia pale pale udongo ulipokuwa unaishia mwanzo, usifukie shina juu ya hapo, mlimao unaoza shingo. Bana udongo kwa vidole viwili pembeni, maji kidogo, umemaliza.

Viriba vyote viko chini ya mwembe, vitakaa hapo kama wiki mbili, afu nitaanza kuvitoa jua la asubuhi tu kwanza. Na maji ni mara moja moja, jamani, udongo ukiwa na unyevu acha, maji mengi ndo yanaleta kinyaushi, mche unakatika pale chini kama umekatwa na panya. Shina likifika unene wa penseli shangazi ameahidi atakuja na vikonyo vya chungwa, vile vijitawi vya kuunganishia, anifundishe kubebesha. Huko ni mbali bado.

Yale masharti yake yote nimeyafuata isipokuwa moja. Vile vijiuzi, na miwili ambayo mzizi umejikunja kama ndoana, alisema tupa. Nikavikusanya mpaka jalalani nikarudi navyo. Viko kumi na moja, nimevipanda kwenye kopo la maziwa nyuma ya jiko, na akija nitalificha.